Akiba Inayooza

Nilipompelekea Mama karatasi ya majibu ya udongo wa shamba lake kule Mgeta, katika Milima ya Uluguru, aliisoma kwa utulivu kama anavyosoma barua zote, kuanzia tarehe ya juu hadi sahihi ya chini, kisha akaweka kidole kwenye mstari uliosema "kaboni ya organiki 1.4" na kuniuliza, "Mwanangu, hii moja nukta nne ni nyingi au ni chache?" Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Namba ile, ambayo ni asilimia ya kaboni itokanayo na mabaki ya viumbe ndani ya udongo, nilikuwa nimeipima kwa mikono yangu, na jibu nililompa lilikuwa lile lililo kwenye jedwali tunalolitumia sote: asilimia iliyo chini ya 0.6 ni kidogo sana, kutoka 0.6 hadi 1.25 ni kidogo, kutoka 1.26 hadi 2.5 ni wastani, na kuendelea juu. Nikasema kwamba ni wastani. Mama akaikunja karatasi, akaniambia kuwa shamba lile, alipokabidhiwa na mama yake kama ilivyo desturi ya ukoo wetu, lilikuwa likitoa maharage bila kuombwa, na sasa halitoi mpaka libembelezwe, kwa hiyo neno "wastani" halimwambii limefikaje hapo wala linaelekea wapi.

Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Nimechelewa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya kuchelewa huko imetokana na udongo wenyewe, ambao una tabia ya kutojibu upesi.

Chuo chenyewe kiko miguuni pa Milima ya Uluguru, pembeni mwa mji wa Morogoro. Kilianza kama chuo cha kilimo mwaka 1965, baadaye kikawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikasimama chenyewe na kupewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, mkoani humohumo Morogoro, tarehe 12 Aprili mwaka huo. Kwa mwanafunzi wa udongo mahali hapa pana bahati ya pekee, kwa kuwa ukitoka darasani na kutembea kuelekea mlimani unapita, ndani ya safari ya siku moja, kutoka mbuga nyeusi za bondeni hadi udongo mwekundu wa vilima vya chini na hatimaye udongo wa ubaridini ambako kilele kinazidi mita 2,600. Watafiti wa chuo hicho, akina Kimaro na Msanya pamoja na wenzao, wamechora ramani za udongo wa maeneo haya, na sisi tuliokuja nyuma yao tulianza masomo kwa kutumbukizwa ndani ya mashimo ya kina cha mita moja na nusu hivi, tukiwa na kisu, utepe wa kupimia na kitabu cha rangi, ili tuusome ukuta wa shimo tabaka kwa tabaka.

Jambo la kwanza linalomshtua mtu ndani ya shimo la namna hiyo ni wembamba wa tabaka la juu. Udongo mwekundu unashuka hadi chini ya miguu yako, na ukichimba zaidi utaendelea kuwa mwekundu, lakini sehemu iliyoiva, yenye rangi ya kahawia iliyokolea, yenye mizizi mingi na vishimo vya nyungunyungu, mara nyingi haizidi shubiri moja. Karibu kila kitu ambacho mkulima anakiita rutuba kimejibana katika shubiri hiyo. Hapo ndipo ilipo mboji, yaani mabaki ya majani, mizizi, kinyesi na miili ya wadudu na vijidudu, ambayo yameliwa na kutemwa na kuliwa tena hadi hayatambuliki asili yake, na ambayo yamejishikiza kwenye chembe za mfinyanzi. Watu wa maabara hutenganisha masalia ambayo bado yana umbo lake na mboji iliyokwisha kukomaa, na wana haki ya kufanya hivyo, lakini hapa nitatumia neno mboji kwa yote mawili.

Nitoe tahadhari moja kuhusu rangi, kwa sababu imewaponza wengi, nikiwemo mimi. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunasa magari wakati wa masika, si lazima uwe na mboji nyingi. Mara nyingi kaboni yake ni ya chini kabisa kulinganisha na weusi wake, na udongo mwekundu wa mlimani unaweza kuushinda. Weusi ule unatokana na namna mboji kidogo iliyopo inavyofungamana na mfinyanzi wa aina yake. Anayenunua shamba kwa macho, basi, anunue kwa uangalifu.

Kwa nini mboji iwe na uzito mkubwa hivyo katika udongo wetu mwekundu? Ni kwa sababu mfinyanzi uliomo humo, kwa sehemu kubwa, ni wa aina ya kaolini, uliobaki baada ya mvua za maelfu ya miaka kuosha madini mengine yote yaliyoweza kuoshwa. Kaolini ni hodari kwa kufinyanga vyungu lakini ni dhaifu kwa kushika chakula cha mimea. Potasiamu, kalsiamu na magnesi hushikwa udongoni kwa nguvu ya chaji za umeme, na gramu moja ya mboji iliyokomaa ina nafasi za kuzishikia mara kumi na zaidi kuliko gramu moja ya kaolini. Katika nchi zenye mfinyanzi wa umri mdogo, ambao bado una nguvu, mboji ikipungua udongo bado una pa kushikia, ilhali kwetu mboji ndiyo mshikaji mkuu, na ikiondoka mbolea ya dukani hupita katika udongo kama maji katika tenga.

Sasa nirudi kwenye swali la Mama, nikichukua ile 1.4. Hekta moja ya shamba, ikichukuliwa kwa kina cha sentimita 20 na kwa udongo wenye uzito wa gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, ina udongo wa tani 2,400. Asilimia 1.4 ya tani hizo ni kaboni ya tani 33 na nusu hivi. Katika mboji, kwa kila sehemu kumi au kumi na mbili za kaboni kuna sehemu moja ya naitrojeni, kwa hiyo ndani ya hekta hiyo kuna takriban tani 3 za naitrojeni zilizofungiwa. Mimea haiwezi kuigusa naitrojeni hiyo mpaka vijidudu viivunje mboji, na tuseme katika joto letu vinavunja asilimia 3 kwa mwaka. Hiyo ni naitrojeni ya kilo 90 kwa hekta, au kilo 36 kwa ekari. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni ya kilo 23. Kwa hesabu hiyo udongo wa Mama ulikuwa ukimlipa kila mwaka, katika kila ekari, kiasi cha mfuko mmoja na nusu wa urea ambao hakuununua.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii faida yake yote imo katika kuoza, kwani mboji isiyooza haimlishi mtu, na mboji inayooza inaisha. Nilipolielewa jambo hili, niliona kwamba watafiti tumezoea kuuzungumzia udongo kana kwamba mboji ni mali ya kurundika ghalani, wakati mkulima anaihitaji kama mshahara. Shamba la Bibi lililotoa maharage bila kuombwa lilikuwa likitumia akiba ya msitu uliofyekwa, na kila mavuno mazuri ya miaka ile yalikuwa pia ni pungufu katika daftari ambalo hakuna aliyekuwa akiliandika.

Hapa inafaa nieleze namba yenyewe inavyopatikana, kwa sababu mtu akishaona ilivyozaliwa hataiogopa wala hataiamini kupita kiasi. Njia inayotumika katika maabara nyingi za Afrika Mashariki ni ile iliyochapishwa mwaka 1934 na Walkley na Black. Udongo uliokaushwa kivulini hupondwa na kuchekechwa, kisha nusu gramu hadi gramu moja huwekwa ndani ya chupa, ikafuatwa na potasiamu daikromati yenye rangi ya chungwa na asidi kali ya salfuriki, ambayo kwa kukutana na maji hutoa joto linalopita lile la maji yanayochemka. Daikromati huiunguza kaboni, na baada ya nusu saa unapima ni kiasi gani cha daikromati kimebaki bila kutumika, kwa kudondoshea myeyusho wa chuma tone kwa tone hadi rangi inapogeuka ghafla kutoka urujuani hadi kijani. Tone moja la ziada huharibu kazi. Nakumbuka nikiwa nimeinamia chupa ya ishirini na kitu, jioni, macho yakinidanganya kuwa kijani imefika kumbe bado. Taka za kazi hiyo zina kromia, ambayo ni sumu, na haifai kumwagwa ovyo.

Njia hiyo haiunguzi kaboni yote. Walkley na Black walikadiria kwamba kwa wastani inafikia asilimia 77, kwa hiyo jibu huzidishwa kwa 1.3 ili kufidia kilichobaki. Kisha anayetaka kutaja mboji badala ya kaboni huzidisha tena kwa 1.724, kwa dhana ya zamani kuwa mboji ni kaboni kwa asilimia 58, dhana ambayo wengi sasa wanaiona kuwa inapunguza mno na wangependa kuzidisha kwa 2. Zaidi ya hayo, ile nusu gramu inasemea tani 2,400. Katika kundi langu la kwanza la sampuli nilizembea kuondoa vizizi vyembamba kama nywele, nikaviponda pamoja na udongo, na majibu yakapanda kiasi cha kunifurahisha kwa siku mbili kabla sijajishuku na kurudia kila kitu. Siku hizi kuna mashine zinazounguza udongo kwenye joto kali na kupima hewa ya ukaa inayotoka, na kuna upimaji kwa mwanga wa infraredi ambao watafiti wa kilimo mseto jijini Nairobi wameuendeleza sana, ambapo sampuli husomwa kwa dakika chache bila asidi yoyote. Ni maendeleo mazuri, ingawa hata mwanga huo hufundishwa kusoma kwa kulinganishwa na majibu ya maabara, na kosa la mwalimu hurithiwa na mwanafunzi.

Lakini mlima wenyewe una somo kuhusu shubiri ile ya juu, na ni somo lililogharimu. Waluguru wana njia yao ya kulima miteremko, ambayo watafiti wameiita kilimo cha ngazi. Mkulima hukwatua majani na masalia ya mavuno, huyalaza katika mstari unaokata mteremko, kisha huvuta udongo kidogo kutoka juu yake na kuyafunika, na kwa kurudia hivyo hubaki na vidato vyembamba mlima mzima, ambavyo hudumu msimu mmoja au miwili kabla ya kutengenezwa upya. Mhandisi akiviangalia ataona kazi hafifu, kwa sababu havina ukingo imara na udongo unaendelea kushuka kidogo kidogo kila mwaka. Mtu wa udongo huona jambo jingine: kila msimu majani mabichi yanafukiwa katika tabaka lilelile ambamo mizizi itapita, na udongo ulioiva haufunikwi na udongo usioiva.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Ilihofia mmomonyoko na mito kujaa tope, hofu ambayo haikuwa ya bure, kwa kuwa maji ya Mto Ruvu yanatoka katika milima hii. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa matuta mapana ya benchi, yaliyochimbwa kwa lazima, kwa siku za kazi zilizohesabiwa na faini kwa asiyefika. Tatizo la tuta la benchi kwenye mteremko mkali wenye udongo mwembamba ni kwamba ili upate uwanda tambarare lazima ukate ndani ya mlima, na ukikata ndani ya mlima unatoa juu udongo mwekundu uliokuwa chini na kuufukia ule wa juu ulioiva. Wakulima walipanda juu ya udongo usio na mboji, mazao yakadhoofu, nao wakaona kwa macho yao kuwa wanalazimishwa kuharibu mashamba kwa jina la kuyahifadhi. Mwaka 1955, TANU ikiwa na mwaka mmoja tu tangu izaliwe, ghasia zilizuka Matombo, upande wa mashariki wa milima, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa.

Historia hiyo husimuliwa zaidi kama habari ya siasa, na ni kweli ni ya siasa, kwa kuwa kazi ya lazima ingechukiwa hata kama ingeleta mavuno. Hata hivyo mimi huiona pia kama habari ya maabara ambayo haikuulizwa. Shimo moja lililochimbwa na kusomwa vizuri, pamoja na sampuli mbili, moja ya sentimita 15 za juu na nyingine ya chini yake, zingetosha kuonyesha kwamba udongo wa kupandia ulikuwa ukizikwa. Sitaki kusema kuwa ngazi za kienyeji ni tiba ya kila kitu. Februari 1970 mvua kubwa iliyonyesha kwa saa chache tu iliporomosha miteremko ya Mgeta katika mamia ya sehemu, na watafiti wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala waliokwenda kuyachunguza maporomoko hayo waliona kwamba yalitokea zaidi sana katika mashamba na malisho kuliko penye msitu. Vidato vya majani haviwezi kuzuia mlima unaoanguka. Mboji hushikamanisha chembe za udongo na kuyapa maji nafasi ya kupenya, lakini mteremko uliokosa mizizi ya miti una sheria zake.

Nirudi kwenye hesabu, kwa sababu ndimo ilimo sababu ya kuchelewa kwangu. Nimesema shamba lina kaboni ya tani 33 na nusu, na likipoteza asilimia 3 kwa mwaka limepoteza tani moja. Mkulima akiweka samadi kavu ya tani 5 kwa hekta, ambayo ni kazi ya kuvunja mgongo mahali ambapo kila kitu hubebwa kichwani, na tuseme samadi hiyo ina kaboni kwa asilimia 35, ameingiza tani 1.75. Sehemu kubwa ya kaboni hiyo itaondoka kama hewa ya ukaa kabla ya muda mrefu kupita. Ikibaki sehemu moja kwa tano, amebakiza kilo 350. Mizizi na mashina ya mazao yataongeza kidogo, lakini bado anaenda nyuma, ingawa kwa mwendo wa pole kuliko jirani asiyeweka kitu. Tena mabadiliko ya nukta moja, kutoka 1.4 hadi 1.5, ni kaboni ya tani 2.4 katika hekta, na nukta hiyohiyo ndiyo tofauti unayoweza kuipata kati ya vijiko viwili vya mfuko mmoja wa sampuli. Kwa hiyo utafiti wa miaka miwili au mitatu, ambao ndio urefu wa shahada ya uzamili na ndio urefu wa miradi mingi, kwa kawaida hauna macho ya kuona kile unachodai kukitazama.

Wanaoona ni wale waliovumilia. Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kuna majaribio ya mahindi na maharage yaliyoanzishwa mwaka 1976 kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi. Vipande vingine hupewa mbolea ya viwandani, vingine samadi, vingine hurudishiwa mabua, vingine vyote kwa pamoja, na vingine havipewi chochote. Baada ya miaka karibu ishirini ilionekana kuwa kaboni ilikuwa imepungua katika vipande vyote, hata vile vilivyopewa samadi na mbolea pamoja, isipokuwa humo ilipungua polepole zaidi. Jibu hilo lingekuwa fumbo kama mtu angelitazama kwa miaka miwili, lakini ukilisoma pamoja na hesabu ya aya iliyotangulia halina fumbo hata kidogo.

Ujerumani, katika Chuo Kikuu cha Halle, Julius Kühn, ambaye ndiye aliyeanzisha taasisi ya kilimo ya chuo hicho, alianzisha mwaka 1878 jaribio la kupanda nafaka inayoitwa rai mahali palepale kila mwaka, na jaribio hilo bado linaendelea chini ya warithi wake. Uingereza, huko Rothamsted, kuna kipande cha shamba la shayiri kilichopewa samadi kila mwaka kuanzia 1852 hadi 1871, kisha kikaachwa bila samadi hadi leo, na bado kina mboji zaidi kuliko jirani yake ambacho hakikupata samadi kamwe. Mtu anaweza kusema kwamba huko ni nchi za baridi ambako vijidudu hulala miezi mingi, na atakuwa amesema kweli, kwa kuwa kwa kawaida kila joto linapopanda nyuzi 10 kasi ya kuoza huongezeka karibu mara mbili. Ndiyo maana namba za Ulaya hatuwezi kuziazima, na ndiyo maana nasikitika ninapoona namna wanafunzi wa vyuo vyetu vya Afrika, nikiwa mmoja wao, kila mmoja anavyotafuta kipande chake kipya, anakigawa, anakipima mara mbili, anaandika tasnifu, kisha kipande kinarudi kuwa malisho. Vipande mia vya miaka miwili miwili havijumlishwi vikawa kipande kimoja cha miaka mia mbili. Kama ningepewa fedha za mradi mmoja wa udongo ningezitumia kwa ukingo wa zege kwenye pembe nne za shamba, kabati lisiloingia unyevu la kuhifadhia sampuli, na mshahara wa mtu wa kuyatunza hayo hadi wajukuu zetu.

Suala hili limepata haraka mpya tangu watu waanze kuuza kaboni. Mwaka 2015, katika mkutano wa hali ya hewa wa Paris, Ufaransa ilizindua mpango wa kuongeza kaboni ya udongo duniani kwa sehemu 4 kwa kila 1,000 kila mwaka, na baada ya hapo wamefika hata vijijini watu wenye vishikwambi wanaowaahidi wakulima malipo kwa kaboni watakayoificha ardhini. Wageni wa namna hiyo walipita kwa jirani zetu. Niliwauliza watachukua sampuli kwa kina gani na kama watapima pia uzito wa udongo kwa ujazo wake, kwa kuwa shamba lililolimwa hivi karibuni limefumuka, na sentimita 20 zake zina udongo mchache kuliko sentimita 20 za shamba lililotulia, hivyo mtu anaweza kuongeza au kupunguza tani za kaboni bila kuongeza jani moja, kwa kuchagua tu siku ya kupima. Walinijibu kwa adabu kwamba mambo hayo yanashughulikiwa na wataalamu. Sijawaona tena.

Kumbe chuo changu kilishawahi kuleta Mgeta kitu chenye faida kwa mboji bila kukiita mradi wa kaboni. Katika miaka ya 1980 mbuzi wa maziwa kutoka Norway waliletwa kule kupitia chuo, na kwa kuwa mbuzi hao hufugwa bandani na kukatiwa majani, samadi yao hukusanyika mahali pamoja badala ya kutawanyika njiani. Lengo lilikuwa maziwa. Lakini kwa mlima unaopeleka kabichi, karoti na njegere sokoni kila juma, ambako kila gunia linaloshuka linaondoka na sehemu ya udongo, banda la mbuzi ni njia mojawapo ya majani ya porini na ya kingo za mito kugeuka kuwa mboji ya shambani. Mama ana mbuzi watano wa uzao huo, na samadi anayoizoa chini ya banda lao, ikiwa nyeusi na imechanganyika na makombo ya majani, ina naitrojeni ya kutosha kiasi kwamba haifanyi uchoyo ambao mabua makavu hufanya yakifukiwa peke yake, ambapo vijidudu huchukua naitrojeni yote kwa ajili ya miili yao na mahindi hubaki ya manjano kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo, badala ya kumwandikia Mama karatasi nyingine, nilikwenda likizo nikapima vipande viwili katika shamba lake, kila kimoja mita 5 kwa mita 5, nikaweka mawe makubwa kwenye pembe. Tulikubaliana kuwa kimoja kitapata samadi kila mwaka na kingine hakitapata, na kwamba kila Oktoba, kabla ya mvua, nitachukua udongo kwa kina kilekile, mahali palepale, na kuhifadhi nusu ya kila sampuli ndani ya chupa yenye kifuniko. Nilimweleza kuwa baada ya miaka kumi ndipo nitakapoweza kumwambia kwa uhakika shamba linaelekea wapi, na akaitikia kwa uvumilivu wa mtu aliyewahi kusikia ahadi nyingi. Chupa za miaka mitatu ziko juu ya kabati langu hapa Morogoro.

Mwezi uliopita alinipigia simu kunijulisha kwamba mbuzi wawili wamezaa, kwamba karoti zimepanda bei, na kwamba kile kipande nilichokinyima, yeye amekipa.

"Mama, kile ndicho cha kulinganishia," nikamwambia. "Tulikubaliana kisipate kitu."

"Nilikubali, mwanangu," akasema. "Lakini napita hapo kila asubuhi nikienda kuteka maji, na maharage yake yalikuwa yananitazama."

Nimeandika katika daftari: kipande cha pili, madebe manne ya samadi ya mbuzi, na tarehe yake. Oktoba nitakwenda kutafuta mahali pa kuweka mawe mengine manne, mbali kidogo na njia ya maji.